Picha ya Vesuvius yenye sahihi "Osw. Achenbach": tuchukue euro 800 au twende mnadani?

BintiTanga_Düsseldorf
Habarini ndugu zangu. Naomba msaada wa anayejua minada ya picha hapa Ujerumani.

Mamamkwe alifariki Februari, sasa tunaondoa vitu nyumbani kwake. Juu ya kochi kuna picha ya rangi ya mafuta, upana kama sentimita 55, kimo 40. Ni usiku, mbalamwezi iko baharini, wavuvi wanavuta mashua, na nyuma yao Vesuvius, ule mlima wa volkano wa Italia, unafuka moshi mwekundu. Mimi mtoto wa Tanga miaka yote nilikuwa nazitazama zile mashua, mlima siujali. Chini kulia pameandikwa "Osw. Achenbach". Marehemu alikuwa mvutaji sigara, kwa hiyo mbingu yote imekuwa rangi ya chai.

Alikuja bwana mmoja anayenunua vitu vya marehemu. Makabati aliyaangalia dakika mbili, picha dakika kumi, akasema 800 taslimu, leo leo. Shemeji anataka tuchukue. Mimi zile dakika kumi ndizo zilizonitia shaka. Mtandaoni naona bei kuanzia mia kadhaa mpaka makumi ya maelfu. Thamani hujulikanaje? Halafu shemeji anataka aisugue kwa kitunguu kwanza, eti ing'ae.

Mbeba_Picha_Köln
Pole kwa msiba dada. Kitunguu kibaki jikoni, tafadhali! Uchafu wa sigara fundi anautoa, lakini rangi iliyokwanguliwa na shemeji hairudi. Msiguse hata fremu.

Mimi si mtaalamu wa sanaa, nimebeba picha kwenye ghala la mnada miaka tisa, ila masikio ninayo. Oswald Achenbach (1827–1905) ni mtu wa hapo hapo Düsseldorf. Kaka yake Andreas alichora dhoruba na bahari ya kaskazini, yeye akaishika Italia: Naples, Capri, Roma. Wajerumani waliwatania kuwa ni A na O ya mandhari, yaani mwanzo na mwisho. Sasa tabu yako iko hapa: Oswald alifundisha uchoraji wa mandhari kwenye akademia ya Düsseldorf kuanzia 1863 hadi 1872, na Italia ya namna hiyo ilipendwa sana. Walioifuata njia yake ni wengi, na mwenzake Albert Flamm naye alichora Italia hiyo hiyo. Ndiyo maana kwenye katalogi neno moja dogo kabla ya jina linabeba bei nzima. Likiwa jina tupu, nyumba ya mnada inasema ni mkono wake. Ukiona "zugeschrieben", wanadhani ni wake. "Umkreis" ni wa karibu naye, na "Nachfolger" ni aliyekuja nyuma akamwiga.

Bei za mtandaoni nyingi ni za kuombwa tu. Tafuta zilizopigwa nyundo, yaani zilizouziwa kweli mnadani, za picha yenye ukubwa na habari kama yako. Vesuvius usiku penye watu huwa na wateja, ingawa picha za sebuleni za karne ya 19 hazigombewi tena kama zamani.

Piga hesabu pia. Tuseme nyundo imeanguka kwenye 6,000 na kamisheni yenu ni asilimia 15: inaondoka 900, na huenda wakakata bima na upigaji picha. Mnunuzi naye akiongezewa ada ya asilimia 25 analipa 7,500. Picha ni moja, bei ni tatu.

Na msing'ang'anie makadirio makubwa. Ikikosa mnunuzi ukumbini, wenyewe wanasema imeungua. Nimezirudisha ghalani nyingi za namna hiyo, na mwaka unaofuata kila dalali anakumbuka.

Babu_Bonn
Binti yangu, mamamkwe aliipata wapi, na lini? Kama ni kati ya 1933 na 1945, enzi za Wanazi, tulia kwanza. Hapo Düsseldorf, Max Stern, Myahudi muuza picha, alilazimishwa kufunga duka. Novemba 1937 picha zake zaidi ya 200 zikapigwa mnada Köln. Warithi wake wanazitafuta mpaka leo. Angalieni hifadhidata ya Lost Art, inayoorodhesha sanaa iliyoporwa enzi hizo, ni bure. Tafuteni risiti, barua, hata picha za harusi zinazoonyesha ukuta.

Mchuuzi_Kariakoo
Angekuwa simba wa Kuhnert, yule Mjerumani mchora wanyama wa Afrika, ningeelewa. Mlima na mashua tunao.

BintiTanga_Düsseldorf
Asanteni wote. Babu, tumepata picha ya ubatizo wa mume wangu, 1971, na Vesuvius uko ukutani. Kabla ya hapo hatujui, tunaendelea kupekua masanduku.

Ila jana nimeitazama sahihi kwa tochi na lensi ya kusomea ya marehemu. Rangi nzima ina nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka. Herufi za jina hazikupasuka. Wino wake umeingia ndani ya nyufa.

Mbeba_Picha_Köln
Aa, dada. Basi nyufa zilitangulia, jina likaja baadaye. Inaweza kuwa picha ya zamani kweli, ya mtu mwingine, aliyebatizwa Oswald na muuzaji fulani. Ipeleke hivyo hivyo siku ya ukadiriaji, hawatozi, waiweke chini ya taa ya zambarau, ile ya UV.

Na yule bwana wa 800, namba yake bado mnayo?

BintiTanga_Düsseldorf
Shemeji anayo. Toka asubuhi anapiga, haipokelewi.