Kiingilio cha Venice: mji wa watu uwekewe geti?

Mleta mada

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Tangu Aprili 25, 2024 manispaa ya Venice inawatoza kiingilio wageni wanaoingia asubuhi na kuondoka jioni. Mwaka wa kwanza ilikuwa yuro 5 kwa siku 29 zilizochaguliwa. Mwaka 2025 siku zikafika 54, nyingi zikiwa za wikendi kati ya Aprili na Julai, na anayechelewa kulipia akapandishiwa hadi yuro 10. Geti hilo linahesabiwa kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni.

Mimi napinga, na si kwa sababu ya hela. Shida yangu ni nani anayekamatwa na wavu huu. Anayelala hoteli ya kifahari mjini amesamehewa kwa kuwa hoteli inamkata kodi ya malazi. Sawa. Lakini kijana mwenye begi mgongoni, aliyekimbilia mji jirani wa Padova kwa sababu vitanda ni nafuu, ndiye anayesimamishwa stesheni ya treni ya Santa Lucia aonyeshe msimbo wa QR wa kuthibitisha amelipa. Asipokuwa nao, faini inaanzia yuro 50. Kwake hiyo ni bajeti ya siku nzima.

Nilipokwenda mimi nilisubiri saa kumi ipite ndipo nikaingia bure. Wala sikupoteza kitu: mji una madaraja zaidi ya 400, karibu yote ya ngazi, na jua la Julai pamoja na kilo kumi na tano mgongoni si jambo la mchana.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeongea kama mgeni, hebu mtazame mwenyeji. Mwaka 1951 mji ule wa kale ulikuwa na watu wapatao 175,000. Mwaka 2022 wameshuka chini ya 50,000. Bibi anatoka sokoni na mfuko wake, vaporetto, ile boti ya abiria, inafika imejaa mabegi, inambidi asubiri nyingine. Na huyo kijana wako anayekuja na mkate wake na chupa yake ya maji anaacha nini zaidi ya taka? Mwaka 2019 Wajerumani wawili waliwasha jiko la kambi wakajichemshia kahawa kwenye ngazi za daraja mashuhuri la Rialto. Rialto!

Mleta mada

Hao wa jiko walitozwa faini ya yuro 950 na kufukuzwa mjini. Vizuri kabisa. Ina maana sheria ya kumwadhibu mkosaji ilikuwepo miaka mitano kabla ya kiingilio. Sasa kwa nini aliyekaa kwa adabu alipie kosa la mchemsha kahawa? Chupa ya maji nayo usiilaumu: mji una mabomba ya maji safi ya bure kila kona, na anayejaza chupa yake ndiye asiyeacha plastiki.

Mchangiaji wa pili

Naona nyote wawili mnagombania kivuli. Mtu aliyeafiki kulipa yuro 9.50 kwa tiketi moja ya vaporetto ya dakika 75 hawezi kurudi nyumbani kwa ajili ya yuro 5. Kiingilio kinakusanya hela, hakipunguzi watu.

Kinachomhamisha mwenyeji ni nyumba. Mwenye nyumba akimpangisha mgeni kwa usiku mmoja mmoja anapata zaidi kuliko kumpangisha mwalimu kwa mwaka, basi mwalimu anahamia bara. Mwaka 2022 Bunge la Italia liliipa Venice ruhusa ya kuziwekea kikomo nyumba hizo, siku 120 kwa mwaka. Huo ndio msumari wa kupigilia. Linganisheni na meli kubwa za watalii: Agosti 2021 zilizozidi tani 25,000 zilikatazwa kupita mbele ya San Marco, uwanja mkuu wa mji. Hazikuambiwa zilipe kidogo kisha zipite, ziliambiwa zisipite.

Mchangiaji wa kwanza

La nyumba nakubali. Ila hela ya kuzoa taka na kukarabati mifereji itoke wapi? Mwenyeji alipie taka za mgeni? Hapo sikubali hata kidogo.

Mleta mada

Itoke kwa wageni wote basi, ilingane na uwezo. Hoja yangu ya Padova bado hamjaigusa.

Mchangiaji wa kwanza

Jibu lake jepesi: alale Mestre. Ni manispaa ileile ya Venice, atakatwa kodi ya malazi, kiingilio atasamehewa, na kwa treni ni dakika kumi na kitu tu.

Mleta mada

Ndugu yangu, uliwahi kutafuta kitanda cha hosteli Mestre Jumamosi ya Julai? Mimi nimetafuta. Ndivyo nilivyofika Padova.