Karatasi au simu kwa orodha na vikumbusho vya kila siku: ipi inakufaa?

KalamuYaRisasi (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu. Naomba tulinganishe jambo hili kwa uzoefu, si kwa ushabiki. Kwa miaka mingi mambo yangu yote yalikuwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, mfuko wa shati. Mwezi uliopita shati lilifuliwa na karatasi ndani. Nilipoitoa ilikuwa donge jeupe, na humo mlikuwa na tarehe mbili za kupeleka fomu ambazo sikuwa nimeziandika kwingine kokote. Moja niliikumbuka, ya pili ikanipita, na imeniuma.

Nikahamia kwenye simu. Sasa tatizo limegeuka. Nafungua simu niangalie orodha, nakuta ujumbe, najibu, narudisha simu mfukoni, na orodha yenyewe sijaiona. Ninyi mnatumia nini, na kwa nini?

Mama_Wawili

Pole kwa fomu. Mimi nimetumia vyote, na naona tunachanganya vitu viwili. Orodha unaiendea mwenyewe: umeshafika dukani, unaitoa, unasoma. Kikumbusho ndicho kinachokufuata wewe ukiwa kwenye shughuli nyingine kabisa. Hapo karatasi haina uwezo. Andika "dawa ya mtoto" kwa wino mwekundu, pigia mistari mitatu, saa ikifika karatasi imelala kimya palepale ulipoiacha.

Mwanangu alipopewa dawa ya kila baada ya saa 8, niliweka kengele tatu kwenye simu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Siku saba hatukuruka hata dozi moja. Ila wakati wa kuziweka niliandika 8:00 nikiwaza saa nane mchana, na simu inaijua hiyo kuwa saa mbili asubuhi. Nilishtuka niliposoma kioo kwa mara ya pili kabla ya kuifunga. Tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuwe macho hapo: saa nane mchana ni 14:00. Kwa dawa kosa hilo si dogo.

FundiSaa

Hoja ya Mama_Wawili nzuri, naongezea upande wa simu wenyewe. Kengele ya saa ya simu na kikumbusho cha programu nyingine si kitu kimoja. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ikiachwa imetulia, kioo kimezimwa na haiko kwenye chaji, mfumo huzipumzisha programu ili kuokoa betri. Kengele ya saa inapita. Kikumbusho cha programu ambayo haikutengenezwa vizuri kinaweza kuchelewa. Baadhi ya watengenezaji wa simu wameongeza ukali wao juu ya huo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, uiondolee programu yako hicho kizuizi, kisha ijaribu: weka kikumbusho cha nusu saa mbele, laza simu mezani usiiguse, usikilize.

Pia angalieni hali ya kutosumbua. Wengi tunaiwasha usiku na kusahau kuizima, arifa zinapita kimya asubuhi nzima.

Na mwanzisha mada, orodha iliyo kwenye simu moja bila nakala mahali pengine haina tofauti na karatasi yako ya mfukoni. Simu nayo huingia majini.

Daftari_Langu

Naheshimu michango ya juu lakini sikubali kwamba karatasi ibaki na kazi ya duka tu.

Kwanza niseme wazi, situmii ile hoja kwamba kuandika kwa mkono kunafanya ukumbuke zaidi. Utafiti unaotajwa sana, wa Mueller na Oppenheimer wa mwaka 2014, uliwahusu wanafunzi wanaosikiliza mihadhara, na uliporudiwa na watafiti wengine mwaka 2019 tofauti haikuonekana kwa nguvu ile. Orodha ya kazi za nyumbani ni suala jingine.

Ninachokitetea ni kuandika upya. Daftari langu ni dogo, linaenea kiganjani. Ukurasa wa kushoto ni wa leo, wa kulia ni wa mambo yanayozuka. Asubuhi nafungua ukurasa mpya na kuhamisha kwa mkono yale ya jana yaliyobaki. Jambo nikilihamisha mara ya tatu, mkono wenyewe unaniuliza: hili utalifanya kweli, au ulifute? Mwezi huu "kushona mkoba" ulihamishwa mara nne, nikaukata mstari na kuupeleka kwa fundi siku ileile. Kwenye simu jambo hilo lingekaa chini ya mengine mia na arobaini, halinigharimu chochote kuliacha, na kwa sababu hiyo lingebaki huko mwaka mzima. Wengi wanakwepa karatasi kwa sababu ya usumbufu huo wa kunakili. Mimi naufuata kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna usiku. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwapa vijana 57 dakika tano za kuandika kabla ya kulala. Nusu waliandika mambo wanayopaswa kuyafanya, nusu waliandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika yajayo walipata usingizi mapema zaidi, kwa wastani wa dakika tisa hivi, na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo bayana ndivyo usingizi ulivyowahi. Nimelijaribu na kwangu ni kweli: nikiandika "kulipa bili" akili haitulii, nikiandika "kulipa bili kesho kabla ya saa nne, namba iko nyuma ya bahasha" inaachia. Usiku huo sitaki kuishika simu, maana nikiishika sitalala.

Zamu_ya_Usiku

Nafanya kazi ya uuguzi, na kwetu orodha ni suala la uhai. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, iliyotolewa mwaka 2008, ilijaribiwa kwenye hospitali nane za nchi mbalimbali. Vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ile ni karatasi moja, na nguvu yake ni kwamba inasomwa kwa sauti katika nyakati tatu zilizopangwa: kabla ya ganzi, kabla ya kisu, kabla ya mgonjwa kutoka chumbani.

Nililolibeba kwenda nyumbani ni hilo: karatasi inaweza kukumbusha ukiiweka mahali ambapo tendo lenyewe linatokea. Mlangoni kwangu, usawa wa macho, pana kikaratasi cha kubandika: funguo, kitambulisho, miwani. Siwezi kutoka bila kukiona. Udhaifu wake ni kwamba baada ya wiki mbili jicho linakizoea na kukipita. Nakihamisha upande wa pili wa mlango, au naandika kingine kwa rangi tofauti.

Vikaratasi hivyo vina asili inayofanana na mada yetu. Spencer Silver wa kampuni ya 3M alipata gundi dhaifu mwaka 1968, ikakaa miaka bila kazi. Mwenzake Art Fry alikuwa mwimbaji wa kwaya, na vipande vya karatasi alivyowekea alama kitabu cha nyimbo vilikuwa vikidondoka. Mwaka 1974 akaikumbuka ile gundi. Kwa hiyo futeni vumbi mnapobandika, na mkibandue kwa kukivuta kutoka ubavuni. Ukikivuta kutoka chini kwenda juu kinajikunja na hakidumu.

Mama_Wawili

Daftari_Langu, hoja ya kunakili imenigusa, nitaijaribu. Lakini mkiwa wawili mnaoendesha nyumba moja karatasi inashindwa. Daftari liko kwako, mwenzako ndiye aliye dukani. Sisi tuna orodha moja inayoonekana kwenye simu zote mbili, mmoja akiweka tiki mwingine anaona. Tuliacha kununua sabuni mara mbili siku moja.

Macho_Mazito

Naongeza kwa wasioona vizuri kama mimi. Maandishi ya kijidaftari siyasomi tena bila taa kali. Simu inaniruhusu kukuza herufi, na inanisomea. Kuandika ndiko kunanichosha, basi naisemesha tu. Kwa tarehe kubwa bado nina kalenda ya ukutani na kalamu nene, kwa sababu nataka kuuona mwezi mzima kwa mara moja, na kioo cha simu kwangu hakitoshi kwa hilo.

KalamuYaRisasi (mwanzisha mada)

Nimesoma yote, asanteni sana. Kuanzia leo chochote chenye tarehe au saa kinaingia kwenye kalenda ya simu palepale ninapokisikia, na nimeshaondoa kile kizuizi cha betri. Ya leo yanaingia daftarini. Jioni nitapiga picha ukurasa ili yaliyonipata yasijirudie.

Swali moja: kwa daftari la kutembea nalo, wino au penseli?

Daftari_Langu

Penseli. Risasi haiyeyuki majini. Wino wa jeli ukipata jasho au mvua unaweza kusambaa na tarehe ikageuka doa. Usiandike jambo la maana nyuma ya risiti pia, maandishi ya karatasi zile zinazochapwa kwa joto hufifia, na ukiiacha kwenye gari lililopigwa jua inaweza kugeuka nyeusi. Tafuta daftari lenye jalada gumu. Hata likifuliwa utalihisi kwenye mfuko kabla nguo haijaingia majini.