Familia Moja: kibao cha Mary Ann Shadd Cary

*Zuhura:* [Picha] Shikamooni wakubwa. Niko Washington, mtaa wa W, nje ya nyumba namba 1421. Mary Ann Shadd Cary aliishi hapa, na kuna kibao cha kumbukumbu yake. Nyumba ya matofali, imebanana na za jirani, watu wanapita tu.

*Mjomba Idi:* Marahaba mwanangu. Ndiye nani huyo?

*Zuhura:* Mwanamke mweusi wa kwanza kuchapisha gazeti Amerika Kaskazini, mjomba. Provincial Freeman, 1853, huko Kanada. Alilitumia kupiga vita utumwa.

*Salim:* Kanada tena? Si Mmarekani?

*Shangazi Rukia:* Alizaliwa Wilmington, Delaware, 1823, tena huru. Lakini mwaka 1850 Marekani ilipitisha sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Ukikamatwa huruhusiwi hata kutoa ushahidi wako! Na kamishna anayeamua analipwa dola 10 akisema wewe ni mtumwa, dola 5 akisema u huru. Mweusi gani angekuwa salama hapo? Akavuka mpaka, akafungua shule Windsor.

*Salim:* Dah! Dola 10 za kumuuza mtu kisheria.

*Amina:* Mimi kinachoniuma ni lile toleo la kwanza. Kazi yote kafanya yeye, lakini mhariri akaandikwa Samuel Ringgold Ward, mwanamume mpinga utumwa, maana gazeti la mwanamke lingekataliwa. Yeye akawa anasaini M. A. Shadd, na wasomaji wanamwandikia kama mwanamume.

*Mjomba Idi:* Akanyamaza?

*Amina:* Wapi! Aliwasahihisha humo humo gazetini. Na 1855, alipokuwa anaaga kiti cha uhariri, aliwaambia wanawake weusi wenzake kwamba njia imeshafunguka, nao waingie wahariri.

*Mama Zuhura:* MashaAllah. Na hela za kuchapisha alitoa wapi?

*Shangazi Rukia:* Kwa miguu yake, wifi. Mji hadi mji anahutubia, anatafuta watu wa kulipia gazeti, huku ndugu zake Isaac na Amelia wakimsaidia kazi. Ndiyo maana nampenda huyu mama, hakungoja mfadhili. Hela zikazidi kuwa ngumu, gazeti likafa kufikia mwaka 1860 hivi.

*Baba Mkubwa:* Nilisikia alikuwa pia mwanasheria.

*Zuhura:* Ndiyo baba mkubwa. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Howard 1883, karibu miaka 60, na enzi hizo alikuwa akikaa nyumba hii hii. Kabla ya hapo, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliandikisha askari weusi wa upande wa Kaskazini.

*Amina:* Miaka 60 darasani! Zuhura, nipigie picha ya karibu, maandishi yasomeke. Nataka darasa langu la sita wayasome Jumatatu.

*Zuhura:* Natuma sasa hivi dada.

*Salim:* Nimekuta na sanamu yake, iko Chatham, Ontario, gazeti lilikohamia. Aliyeichonga ni Artis Lane, mtu wa ukoo huo huo wa Shadd.

*Amina:* Itume na hiyo.