Uji wa shule umekuwa wa wenye kadi. Malindi, hawa wengine si watoto?

Hamjambo wanajamvi. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo anayetafuta maneno ya asali apite uzi mwingine.

Mimi nauza mahamri na mbaazi nje ya geti la shule moja ya msingi ya umma hapa Malindi. Jina la shule siliandiki, wenyewe watajijua. Huu ni mwaka wangu wa tisa pale. Unga naukanda usiku nauacha uumuke, saa kumi alfajiri nasukuma na kuchoma, saa kumi na mbili na nusu niko kwenye benchi langu chini ya mwarobaini. Kengele ikilia nimebaki na makombo. Kama kuna mtu anayejua nani amekula na nani hajala kabla ya kuingia darasani, ni mimi. Mwalimu hajui. Walioko Nairobi ndio hawajui kabisa.

Hamri moja ni shilingi kumi, sahani ya mbaazi ishirini. Karibu kila siku mteja wangu wa kwanza ni msichana wa gredi ya tatu, ana wadogo wawili. Hununua hamri moja. Hulipasua mara tatu, halafu yeye huchukua kile kipande kilichobaki mkononi baada ya wale wawili kuchagua. Yuko mwingine, kila asubuhi anapita benchi langu anakwenda kwa jirani yangu kununua barafu ya ukwaju ya shilingi tano. Siku moja nikamwuliza, wewe mtoto, barafu saa hizi? Akanijibu, "Mama, hamri laisha upesi. Barafu yakaa."

Na kuna mvulana wa gredi ya tano, huyo hana hata hizo tano. Huja na kikombe cha plastiki kutoka kwao. "Shikamoo mama. Nitilie mchuzi tu." Mchuzi wa mbaazi, bila mbaazi. Namtilia na mbaazi, anashukuru anakwenda kunywea kule nyuma ya ukuta. Wala haji kila siku, nafikiri amejipangia zamu asinichoshe. Mtoto wa miaka kumi anapanga ratiba ya kuomba.

Daftari langu la madeni lina watoto 31. Si wazazi, ni watoto wenyewe, mdogo kabisa ana miaka saba. Mwezi wa tano ndipo daftari hufura: Pasaka imepita, hoteli zimefunga, wageni wamerudi kwao, kusi limekaza na vyombo vidogo havitoki. Baba mpishi wa hoteli yuko kibarazani, baba mvuvi yuko kibarazani, na watoto wao wote wako kwangu wakisema, "Niandikie."

Sasa, muhula huu tukaitwa mkutano wa wazazi (nami nina wangu pale, yuko gredi ya sita). Tukaambiwa shule itaanza uji wa asubuhi. Nilipiga makofi mpaka jirani akanigeukia: "Wewe wafurahia nini, na biashara yako ndiyo yafa?" Nikamwambia ife. Nitahamia stendi ya matatu, watu wazima pia wala mahamri.

Makofi yalikatika niliposikia bei. Shilingi 600 kwa muhula kwa kila mtoto. Mwenye watatu, 1,800. Mlango wa pili kwangu kuna mama anafulia watu nguo, akipata siku tatu kwa wiki amefanya vizuri, na ana wanne pale.

Lakini bei si ndiyo iliyonileta hapa. Kilichonileta ni walivyoufanya huo uji. Aliyelipa akapewa kadi ya manjano. Saa moja na nusu wenye kadi wanapanga foleni jikoni, wasio na kadi wanaambiwa wakae darasani wasome. Na jiko lenyewe liko ubavuni mwa madarasa ya wadogo, madirisha hayana vioo. Uji wa wimbi umekamuliwa ndimu, wachemka hatua kumi kutoka pua ya mtoto aliyelala na chai ya mkandaa, ile kavu bila maziwa, halafu mwamwambia asome. Asome nini? Mimi mtu mzima nikipita pale na tumbo langu limejaa, mate yananitoka.

Wiki ya tatu akapatikana mfadhili wa kulipia watoto 40. Mwenyezi Mungu amjalie. Badala ya kuziingiza pesa kimyakimya na kuwapa watoto kadi, majina yakasomwa kwenye paredi mbele ya shule nzima: "Wafuatao ni wasiojiweza, wabaki." Kufikia saa sita watoto wale walikuwa na jina, "wa orodha". Kesho yake mama mmoja akaenda ofisini kumfuta mwanawe. Nilimfuata njiani nikamwambia, "Dada, aibu hailiwi, mwache mtoto anywe." Akanitazama. "Na uji wenye aibu washuka kooni?" Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Kuna jambo jingine. Ndani ya ua huohuo kuna chekechea, na chekechea wanapikiwa uji, wote, hakuna kadi. Mdogo wa yule msichana wa hamri anakunywa. Kwa nini yeye na si dadake? Nenda kasome Katiba ya 2010, Ratiba ya Nne. Chekechea ni kazi ya kaunti. Kuanzia gredi ya kwanza ni kazi ya serikali kuu. Kwa hivyo Oktoba tumbo la mtoto ni la kaunti, Januari akivuka veranda kuingia gredi ya kwanza tumbo limehamia Nairobi, na Nairobi ni mbali. Ukimwuliza huyu anakuelekeza kwa yule. Katiba hiyohiyo, Kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi. Haikuandikwa "kila mtoto wa chekechea". Haikuandikwa "mwenye kadi ya manjano".

Najua mtaniambia chakula cha shule kipo. Ndiyo, kipo. Shirika la Chakula Duniani lilianza kulisha shule za Kenya mwaka 1980, serikali ikaanza mpango wake wa kununua chakula humu humu nchini 2009, na kufikia 2018 shirika likawa limekabidhi kazi yote. Mpango huo unalenga maeneo kame, na Kilifi, kaunti yetu, nayo imo kwenye hesabu ya kaunti kame na nusu kame. Sipingi, mahindi na maharagwe yale yamewaweka watoto wengi shuleni. Lakini ni chakula cha mchana. Mtoto aliyekula wari (sima) na mchicha saa moja usiku, akangoja mpaka saa sita na dakika arubaini kesho yake, amekaa zaidi ya saa kumi na saba bila kitu. Hisabati na Kiingereza, masomo mnayolalamika kila mwaka kwamba watoto wa Pwani wanaanguka, yamepangwa saa ngapi kwenye ratiba? Asubuhi. Eti asubuhi akili imetulia! Ya nani?

Na masaa yenyewe. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema shule ya kutwa ianze saa mbili asubuhi. Hawa wa madarasa ya juu wanaitwa saa moja kasorobo, na wengine watoka mbali kwa miguu. Mama angechemsha uji saa ngapi, hata angekuwa na unga?

Mimi nilisoma enzi za maziwa ya Nyayo. Yalianza 1979 wakati wa Moi, pakiti ya pembetatu, na siku ya maziwa hata watoro walikuja. (Wengine yalituendesha tumbo, nisidanganye.) Hakuna aliyekuuliza babako afanya kazi gani. Ulikuwa mwanafunzi, basi, ulipewa. Yalikufa miaka ya tisini na hakuna aliyewaeleza wazazi wetu lolote.

Twaambiwa haiwezekani. Ng'ambo ya bahari hii hii tunayoitazama kila siku, jimbo la Tamil Nadu kule India, walianza kiamsha kinywa cha bure mwaka 2022, darasa la kwanza hadi la tano, na mwaka uliofuata wakapanua mpaka shule zote za msingi za serikali jimboni. Ni chakula cha moto kila siku ya shule, juu ya kile cha mchana walichokuwa nacho tangu zamani. Marekani, pamoja na utajiri wao wote, walianza kiamsha kinywa cha shule 1966, na sheria ya 2010 ikaruhusu shule za maeneo yenye umaskini mwingi kuwalisha watoto wote bila mzazi kujaza fomu. Waliona fomu yenyewe inamfukuza mwenye njaa. Sisi tumeamua kuisoma fomu kwenye paredi. Nairobi nako tangu 2023 mtoto wa shule ya umma anatoa shilingi tano anakula mchana. Tano! Bei ya barafu ya ukwaju. (Msinicheke, muuza mahamri naye ana intaneti.)

Nimepiga hesabu, kupika ndiyo kazi yangu. Kilo moja ya unga wa uji yatoa vikombe ishirini na tano vya maana, si maji yaliyotiwa rangi. Watoto 500 ni kilo ishirini, tuseme 3,000. Sukari kilo nane, 1,200. Kuni na ndimu, 400. Jumla 4,600, yaani shilingi tisa na senti kwa mtoto, mpishi bado hujamlipa. Kwa hivyo sisemi hizo 600 zimeliwa, zigawanye kwa siku 65 za muhula utapata kitu kilekile. Kosa ni kuzidai kwa mtoto. Zile 1,420 ambazo serikali hutenga kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ni za vitabu, chaki na matengenezo, humo hamna uji hata kijiko. Uji uwekwe kwenye bajeti, ya kaunti au ya serikali kuu mimi sijali, wakubaliane wenyewe huko. Watoto wasigeuzwe wakusanya ada.

Na mkome kuwaambia kila mmoja abebe kuni kutoka kwao. Asiye na chakula hana kuni.

NYONGEZA, jioni: Nimesoma majibu yenu nikiwa nachambua mbaazi za kesho.

Uliyesema "mzae mnaoweza kuwalisha", wale watoto washazaliwa. Nipe pendekezo la kesho saa moja asubuhi.

Uliyesema natafuta tenda ya kupika, soma tena. Mimi ndiye nitakayepoteza. Watoto hawa ndio zaidi ya nusu ya mauzo yangu.

Ndugu wa Magarini uliyeandika kuhusu mihogo, wewe umenena. Msimu wake ukifika mihogo hapa yaoza shambani kwa kukosa bei, na muhogo wa kuchemsha kipande kimoja na uji ni mlo kamili wa asubuhi. Mkulima apate na mtoto apate. Ungekuja useme haya mwenyewe kwenye mkutano wa shule Ijumaa, mimi wataniambia nikauze mahamri.

Mwalimu uliyejitambulisha, asante kwa kutotukana. Umesema mkiwapa wote, waliolipa watagoma kulipa muhula ujao. Ni kweli, watagoma, hata mimi ningegoma. Ndiyo maana nasema wazazi wasiwe ndio mfuko. Lakini umesema pia kwamba walimu wawili wanatoa biskuti mifukoni mwao kwa watoto wanaosinzia. Basi shuleni mnajua! Na kama mnajua, ile orodha ilisomwa kwa nini?

Aliyeuliza habari za maji: ndiyo, mfereji wa shule hukauka siku mbili tatu kwa wiki, na siku hizo hata wenye kadi hawanywi. Hilo nalo nitalitaja.

Mkutano ni Ijumaa saa tatu asubuhi. Nitapitiliza nikitoka kuuza, na daftari langu mkononi. Majina ya watoto sitayasoma, nitasoma idadi tu, 31, halafu niombe kadi za manjano zikusanywe mbele yetu. Mzazi mwenye mtoto pale anayesoma uzi huu, njoo. Usiogope kwamba mwanao yumo daftarini, hilo lakaa kwangu.