Subaru GC8 ya rali niliyoijenga nyumbani: niiuze nzima, niirudishe barabarani au niivunje spea?

Vumbi la Bonde (Nakuru)

Wakuu, habari za leo. Naomba mnisaidie kukadiria bei, maana mimi nimeshindwa.

Nina Subaru Impreza WRX ya 1998, toleo linaloitwa GC8. Niliinunua 2019 ikiwa gari la kawaida la barabarani, nikaijenga kuwa ya rali nyuma ya nyumba, mimi na fundi mmoja wa kuchomelea. Imekimbia autokrosi saba (mbio fupi za kupimwa muda) na rali mbili za klabu. Haijawahi kubingirika. Nina pia rimu nne za ziada na giaboksi moja ya akiba. Mke wangu amejifungua mapacha mwezi wa nne, kwa hiyo msimu huu sikimbii, na ujao pia sikimbii.

Risiti zote ninazo, kwa shilingi za Kenya. Gari 650,000. Keji, yaani fremu ya mabomba ya chuma inayowalinda walio ndani gari likibingirika, 280,000. Injini kufunguliwa na kujengwa upya 420,000. Shoki za rali za mtumba 350,000. Viti na mikanda 210,000. Giaboksi, breki, kompyuta ya injini, rimu na matairi 390,000. Rangi na kunyoosha bodi 180,000. Jumla ni 2,480,000, na hapo sijahesabu Jumamosi zangu za miaka miwili.

Mtu wa kwanza kuja kuiona amesema 900,000. Usiku ule sikulala. Je, niiuze nzima kama gari la rali, nitoe keji na kuirudisha barabarani, au niivunje niuze kipande kimoja kimoja? Na bei mnaipataje?

Spea Kirinyaga (Nairobi)

Kaka, pole na hongera kwa mapacha. Mimi kazi yangu ni spea za Subaru, kwa hiyo nakupigia hesabu ya kuivunja kwa bei ninazoziona kaunta kila siku. Injini iliyojengwa vizuri, kama una ushahidi, 250,000. Giaboksi 120,000. Shoki 220,000. Rimu na matairi 90,000. Breki 70,000. Kompyuta 90,000. Hiyo ni 840,000. Bodi yenye keji na logibuku (hati ya umiliki wa gari) ukipata 150,000 shukuru Mungu. Unafika 990,000.

Kwa maneno mengine, huyo wa 900,000 hakukutukana. Amepiga hesabu ya kuivunja, akatoa faida yake kidogo. Hiyo ndiyo sakafu yako, chini yake usishuke.

Ila ujue vitu vizuri huondoka wiki ya kwanza, vibaya hukaa. Nina bodi ya gari la mteja hapa uani tangu mwaka juzi, kuku wanatagia ndani. Na kila anayenunua injini atakurudia baada ya wiki mbili akisema inavuja.

Pwani Poa (Mombasa)

Mimi ningeirudisha barabarani. Sheria ya kutoingiza nchini gari lililozidi miaka 8 haijabadilika, GC8 nzima haishuki tena bandarini Kilindini. Zilizopo ndizo hizo, na zinapungua kila mwaka. Vijana wanazitafuta, na iliyo safi wanailipia vizuri.

Vumbi la Bonde

Pwani Poa, nilifikiria hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba keji haikufungwa kwa bolti, imechomelewa. Dashibodi ilikatwa ili bomba lipite, sakafu ina sahani za chuma sehemu sita, na mazulia na vitambaa vya milango niliviuza zamani.

Pwani Poa (Mombasa)

Basi nafuta maneno yangu. Kukata keji iliyochomelewa, kuziba sakafu, kutafuta dashibodi na viti vya asili, hapo 300,000 imekwenda na bado mnunuzi akiinua zulia ataona makovu. GC8 iliyokatwa ikarudishwa haipati bei ya ile ambayo haijaguswa. Usifanye.

Mama Noti (Nairobi)

Mimi ni navigeta, yule anayekaa kando ya dereva akimsomea njia, na siku nyingine husaidia kwenye ukaguzi wa magari kabla ya mbio, kwa hiyo nitaongelea kile ambacho mnunuzi mwenye akili atakikagua. Risiti zako, kaka yangu, zinaonyesha ulitumia nini. Mnunuzi analipia kitakachopita ukaguzi Ijumaa na kufika mwisho Jumapili.

Anza na viti. Nyuma ya kiti kuna kibandiko cha FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari. Kama ni cha kiwango cha 8855-1999, maisha yake ni miaka 5 tangu mwaka wa kutengenezwa. Mikanda nayo ina mwaka wa mwisho uliochapishwa kwenye lebo iliyoshonwa. Ulinunua lini? Kama miaka imepita, zile 210,000 zifute kwenye karatasi, hata kama vitambaa bado vinang'aa. Mnunuzi ataingia gharama ya kununua vingine, na ataitoa kwenye bei yako.

Sasa keji, maana hapa ndipo magari ya nyumbani hupandia au kuangukia. Kanuni za FIA zinataka chuma cha kaboni kisicho na mshono. Tao kuu, lile la nyuma ya viti vya mbele, ni kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine mengi ni 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Nimeona keji zimetengenezwa kwa bomba la maji, zimepakwa rangi nzuri kabisa, na mwenye gari hajui kwa sababu fundi hakumwambia. Hata kiungo kimoja cha weldingi kikiwa kibaya, keji yote inakuwa pambo.

Jaribio langu ni hili. Chukua kioo kidogo, kile cha kujipaka wanja kinatosha, na tochi ya simu. Kipitishe juu ya bomba, kati ya bomba na paa, pale tao linapokutana na bomba la juu ya mlango. Fundi mvivu huchomelea anapofika mkono, yaani chini na pembeni, na upande wa juu unabaki mtupu kwa sababu paa linamzuia. Fundi wa kweli hutoboa sakafu, huishusha keji yote chini, humaliza kuchomelea juu mzunguko mzima, kisha huiinua na kuweka sahani chini ya miguu ya keji. Ulisema sakafu yako ina sahani sita. Nina matumaini na fundi wako.

Piga picha za kwenye kioo, uziweke kwenye tangazo. Keji iliyothibitishwa ndiyo kitu kimoja kwenye gari lako ambacho mnunuzi hawezi kukinunua dukani akaja kukifunga jioni moja.

Spea Kirinyaga (Nairobi)

Nakubaliana na Mama Noti, lakini asisahau injini. EJ20 ya tabo, ndiyo injini ya gari hili, ikipata joto au petroli mbaya, silinda ya nne ndiyo hutangulia kuumia. Pima kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa) silinda zote nne injini ikiwa moto, andika namba. Namba nne zilizokaribiana zina thamani kuliko risiti ya 420,000.

Tabo ya Meru (Arusha)

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Mkuu Vumbi, mimi nimeshauza magari mawili ya namna hii, moja vizuri na moja vibaya, ngoja nikwambie.

La vibaya niliweka bei kwa kujumlisha risiti, kama unavyotaka kufanya. Likakaa miezi saba. Kila mwezi napunguza, na kila anayeona tangazo limekaa anajiuliza lina ugonjwa gani. Mwishowe liliondoka kwa zaidi kidogo ya nusu ya nilichotumia. Na kosa jingine lilikuwa langu pia: nilibadilisha injini na sikuandikisha namba mpya kwenye kadi. Mnunuzi alifungua boneti, akalinganisha, akafunga boneti, akaondoka. Hakusema hata neno. Kwenu mnaita logibuku, lakini maumivu ni yale yale.

La pili nilipiga hesabu kwa upande wa mnunuzi. Nilijiuliza: mtu anayetaka kusimama kwenye mstari wa kuanzia mwezi ujao, akianza sifuri, atatumia kiasi gani na muda gani? Kisha nikatoa kila kitu atakacholazimika kununua tena, nikatoa na uchakavu wa vinavyokula: matairi, pedi, klachi, shoki zinazohitaji kufunguliwa na kubadilishwa mafuta na sili. Bei iliyobaki nilimwonyesha kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Alipunguza kidogo tu.

Kulinganisha na bei za sokoni ni sawa, ila linganisha na magari yaliyouzwa, siyo yanayotangazwa. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Pigia simu watu watatu waliouza mwaka huu, uwaulize walipokea ngapi mkononi.

Na usione haya kwamba ni gari lililotumika na limejengwa uani. Rali ya Safari ya Afrika Mashariki ya 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa ya timu ya kiwanda, wakaichukua ikiwa imeshatumika. Historia ya gari ilijulikana. Yako nayo iandike: kila mbio, kilichovunjika, kilichobadilishwa, tarehe.

Mama Noti (Nairobi)

Swali moja la mwisho, na la muhimu. Spea za ziada utazijumuisha?

Spea Kirinyaga (Nairobi)

Asijumuishe. Mnunuzi huona rundo la spea kama zawadi, halipi hata nusu yake. Auze gari peke yake, rimu za ziada na giaboksi ya akiba aziuze kando.

Tabo ya Meru (Arusha)

Hapo sikubali. Huyu anamuuzia dereva wa klabu, mara nyingi ni mtu wa mwaka wa kwanza au wa pili. Giaboksi ya gia 5 ya GC8 ikivunjika kwenye mbio za pili na hana nyingine, msimu umekwisha. Giaboksi ya akiba itamfanya alipe. Kitu cha kuuza kando ni rimu, kwa sababu kila mwenye Subaru ya bolti 5x100 (bolti tano kwenye duara la milimita 100) anazihitaji.

Vumbi la Bonde

Wazee wangu, asanteni sana. Nimetumia Jumamosi na Jumapili zote mbili nikifanya mlivyosema, mke wangu akinipigia simu kila saa kuuliza kama bado niko chini ya gari.

Viti: lebo inasema vimetengenezwa 2017. Vimekufa. Mikanda vilevile. Niliposoma nilikaa hapo hapo ndani ya kiti kwa muda, kwa sababu nilivinunua vikiwa vimebaki na miaka mitatu tu na muuzaji hakuniambia, na mimi sikujua pa kuangalia.

Keji: nilikuwa nimehifadhi kipande cha bomba lililobaki, kiko kwenye kopo la misumari. Vernia, kifaa cha kupimia kipenyo na unene, inasoma 45 na 2.5. Ndani hakuna mshono, nimepitisha kidole mara nyingi. Nikachukua kioo cha mke wangu. Weldingi inazunguka yote, hata juu, mawimbi madogo madogo kama sarafu zilizolazwa. Nilimpigia fundi simu nikamshukuru. Alicheka, akasema tulishusha keji siku ile na mimi mwenyewe ndiye niliyeshika jeki, nimesahau.

Kompresheni: silinda tatu zimesoma karibu sawa, ya nne iko chini kidogo lakini si ya kutisha. Nitaiandika kwenye tangazo kama ilivyo. Namba ya injini ni ile ile ya kwenye logibuku.

Nimefuata karatasi ya Mkuu wa Arusha. Gharama ya mtu kuanza sifuri leo, nikitoa viti, mikanda, matairi, kufungua shoki, na uchakavu wa injini ya mbio tisa, imenipa 1,520,000. Watu wawili waliouza mwaka huu wameniambia walipokea 1,300,000 na 1,350,000, mmoja wao gari lake lilikuwa limebingirika. Kwa hiyo natangaza 1,450,000 pamoja na giaboksi ya akiba, na sishuki chini ya 1,250,000. Rimu nne za ziada nauza kando, Spea Kirinyaga ukizitaka nitumie ujumbe.

Spea Kirinyaga (Nairobi)

Nazichukua. Nitumie picha za ndani ya rimu, siyo za nje.