Mgomo wa mabasi Montgomery: magari ya lifti yaliendeshwaje?

Mchokonozi
Wakuu, habari za Montgomery, Alabama, husimuliwa kwa mkato: Rosa Parks, mwanamke mweusi, akakamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, weusi wakasusia mabasi siku 381, wakashinda. Katikati hapo mpishi na dobi walifikaje kazini? Nasikia walibebwa na magari ya watu binafsi. Kama walitozwa, si hizo ni teksi bubu? Mji ungeshindwaje kuzikamata?

Kipanga
Mwanzoni walipanda teksi zenyewe. Madereva weusi walichukua senti 10 kwa kichwa, sawa na nauli ya basi. Haikudumu. Sheria ya mji iliweka nauli ya chini ya teksi kuwa senti 45, na kamishna wa polisi, Clyde Sellers, akatishia kuitumia.

Martin Luther King akampigia simu mchungaji T. J. Jemison wa Baton Rouge, Louisiana, ambako mabasi yalisusiwa mwaka 1953. Mfumo wa kule ndio ulioigwa. Montgomery ikawa na magari kama 300, vituo 48 vya kupakia asubuhi na 42 vya kuchukulia watu jioni.

Kuhusu kutozwa, hapo ndipo walipokuwa makini. Abiria hakudaiwa nauli. Petroli na matengenezo vililipwa kwa michango iliyokusanywa kwenye mikutano ya usiku makanisani. Georgia Gilmore na wenzake waliuza kuku wa kukaanga, keki na pai, kisha fedha zikaletwa mkutanoni kwa jina la "Klabu Isiyotoka Popote", ili mama anayefanya kazi kwa mzungu asijulikane kwamba amechangia.

Mchokonozi
Na polisi walikaa kimya?

Kipanga
Thubutu! Madereva waliandikiwa faini kwa makosa madogo madogo. King mwenyewe alikamatwa tarehe 26 Januari 1956, eti alienda maili 30 kwa saa mahali pa 25. Februari watu 89 wakashtakiwa kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza kususia biashara, na King akatozwa faini ya dola 500.

Ila kilichouma zaidi ni bima. Makanisa yalikuwa na stesheni wagoni zao, zimesajiliwa kwa majina ya makanisa. Kampuni za bima zikafuta mikataba, na gari lisilo na bima ni kumpa polisi sababu mkononi. Aliyewaokoa ni T. M. Alexander, wakala wa bima mweusi wa Atlanta, aliyewapatia bima kutoka Lloyd's ya London.

Stensili
Nyongeza mbili. Kwanza, msimpe King kila kitu. Usiku ule ule Parks alipokamatwa, Jo Ann Robinson wa Baraza la Kisiasa la Wanawake aliingia chuoni alikofundisha akarudufu makumi ya maelfu ya vipeperushi. Ujumbe uliandikwa mara tatu kwenye stensili moja (karatasi ya kurudufia), karatasi ikitoka inakatwa vipande vitatu. Asubuhi vikasambazwa, kabla hata chama kilichoongozwa na King hakijaundwa.

Pili, magari yaliwaweka watu barabarani, lakini ubaguzi ndani ya mabasi uliangushwa na kesi ya Browder dhidi ya Gayle, iliyofunguliwa na wakili Fred Gray kwa niaba ya wanawake wanne. Parks hakuwa mmoja wao. Kesi yake ilikuwa ya jinai na ilikwenda njia nyingine.

Na Mchokonozi, mji haukushindwa kabisa. Tarehe 13 Novemba 1956 ulikuwa mahakamani ukidai hayo magari ni biashara isiyo na leseni, na siku hiyo hiyo ukapewa zuio la kuyasimamisha. Kilichouharibia ni kwamba kesi ikiendelea zilifika habari kwamba Mahakama Kuu ya Marekani imethibitisha hukumu ya Browder. Ila amri ya Mahakama Kuu yenyewe ilichelewa kufika Montgomery hadi tarehe 20 Desemba. Kwa hiyo hesabu ya siku 381 ina wiki tano hivi ambazo mfumo wa magari ulikuwa umepigwa marufuku: watu walitembea kwa miguu, au majirani wa mtaa mmoja wakapangiana lifti wenyewe.