Kasha la bunduki lenye mshale na maandishi ya rangi: linasomwaje?

Mkazi wa Kiboriloni
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimenunua kasha kuukuu la mbao hapa Moshi kwa familia iliyokuwa ikihifadhia mahindi ndani yake. Fundi niliyemwita kubadilisha bawaba anashauri tulipige randa tuligeuze kuwa meza ya sebuleni. Kabla sijamruhusu, naomba msaada wa kusoma alama zake. Kwenye ubao wa mbele umechomwa kwa chuma cha moto mshale wa mistari mitatu inayokutana juu, ukiwa kati ya herufi W na D. Ubavuni, kwa rangi nyeupe iliyofifia, panasomeka "RIFLES No. 1 Mk III", na juu ya kifuniko "6 KAR". Ukingoni mwa kifuniko kuna mishale mingine miwili iliyogusana ncha. Familia inasema ni kasha la Wajerumani, na kwa kuwa jeshi lao lilikuwa na makao makuu hapa Moshi hadi Waingereza walipoingia Machi 1916, maelezo hayo hayakunishangaza.

Mstaafu wa Njiro
Mkuu, alama ulizoziandika zinapingana na simulizi hiyo. Mshale huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na herufi W na D ni za idara yake ya vita. Ungekuwa ndani ya C ungekuwa wa Kanada, na ndani ya U ungekuwa wa Afrika Kusini. Mishale miwili iliyogusana ncha huonyesha kwamba kitu kimeondolewa jeshini kihalali na kuuzwa, jambo linaloeleza namna kasha lilivyofika kwenye ghala la mahindi.

Maandishi ya rangi ndiyo yenye tarehe. Bunduki hiyo ya Lee-Enfield ilianza kutumika mwaka 1907 kwa jina la S.M.L.E. Mk III (kifupi cha Short Magazine Lee-Enfield, toleo la tatu), na ikaitwa "No. 1" kuanzia mwaka 1926 tu, hivyo aliyeandika ubavuni hakuandika wakati wa Vita ya Kwanza. Nayo 6 KAR ilikuwa bataliani ya Tanganyika katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, ambayo baada ya uhuru wa 1961 iligeuka kuwa Tanganyika Rifles. Rangi hiyo basi iliwekwa kati ya 1926 na 1961. Kuhusu umri wa mbao zenyewe siwezi kusema hivyo, kwa sababu makasha ya jeshi yalipakwa na kuandikwa upya kila yalipobadilisha kazi.

Kijana wa Majengo
Chukua tepu upime urefu wa ndani. Bunduki ya Wajerumani iitwayo Gewehr 98 ina sentimita 125, na ile Mauser ya 1871, ambayo askari wengi wa Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Wajerumani, walikuwa bado wanaibeba mwaka 1914, inakaribia 135. Lee-Enfield hiyo ni 113 hivi. Kisha, usiku, ilaze tochi ya simu ubavuni mwa ubao ili mwanga upite juu juu: rangi iliyofunikwa huacha kingo zinazoonekana kwa kivuli.

Mkazi wa Kiboriloni
Ndani ni sentimita 118, na mikato ya mbao za kulazia bunduki imepakana na madoa meusi ya grisi. Kwa tochi nimeona, chini ya "No. 1", kingo za herufi S, M na L, kisha nafasi iliyokwanguliwa.

Mstaafu wa Njiro
Hapo umepata ulichokitafuta. Bunduki ndefu za Wajerumani zisingeingia, na ingawa bunduki zao fupi (karabini) zingetosha, herufi hizo za chini zinamaliza ubishi: kasha liliandikwa kwanza kwa jina la zamani, yaani kabla ya 1926, kisha likasahihishwa lilipobadilishwa jina.

Seremala wa Sakina
Mimi ni fundi hapa Arusha, na nasema kinyume cha mwenzangu wa Moshi. Randa itaondoa rangi zote mbili kwa mpigo mmoja, na msasa utafanya vilevile polepole. Futa vumbi kwa brashi kavu laini, usitumie mafuta ya taa wala maji ya sabuni kwenye maandishi, na bawaba za zamani zitunze hata kama zimeshika kutu, kwani skrubu zake nazo zina umri. Ukitaka meza, weka kioo juu ya kifuniko. Risasi yoyote ikionekana kwenye nyufa za sakafu ya kasha, usiiguse, waite polisi.